Sifuri ya Kwenda Kuangalia

Skola mwanangu,

Barua huanza kwa kusema mimi mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Sasa wewe hata huko mbali hujafika. Uko Kilakala unaagana na wenzako wa shule, sanduku lako liko hapa mlangoni, mama yako amelifunga kamba utadhani ng'ombe wa kuchinjwa, na mimi nimekaa dukani saa nane hii ya mchana naandika kwa mkono kama karani wa zamani. Usicheke mwandiko. Ningeweza kuchapa, na unajua hapa Mwembesongo hakuna anayenifikia kwa kuchapa, lakini ninachochapa humu mashine inakihifadhi, na haya sitaki yahifadhiwe na mashine.

Sitakuambia uchemshe maji, wala uvae sweta Arusha kuna baridi. Mama yako amekwisha kusema mara tatu, na mara ya tatu aliimba. Mimi nina jambo moja tu, na jambo lenyewe umelianzisha wewe.

Jumapili mama yako alikuambia, "Skola, kabla ya kuondoka panda Mgeta ukamuage Babu." Ukamjibu ukiwa unapiga pasi, bila hata kuinua kichwa: "Mama, mimi siendi. Mtu aliyemwita baba yangu mwongo mbele za watu, akamwaga karanga juu ya meza yake kama anamlisha kuku, nikampigie shikamoo ya nini?"

Nilikuwa nakunywa chai. Nikanyamaza. Na nikwambie ukweli, nikaona raha. Nikajisemea, huyu ndiye mtoto, anamtetea baba yake. Nikaongeza sukari.

Raha ile ilinitosha mpaka Jumatatu. Jumanne haikunitosha tena. Leo nimeona heri niandike, maana kwa mdomo nitapindisha. Unanijua: nikianza kusimulia, nikifika katikati nakuwa shujaa.

Basi sikiliza habari ya karanga zile.

Ulikuwa darasa la tatu. Mimi kijana wa miaka ishirini na tisa, nywele nimekata panki, suruali ya mitumba lakini imenyooka, na hapa mjini nimeshaanza kuitwa Mtaalamu. Bosi wetu alikuwa amepunguzwa kazini shirika lao lilipobinafsishwa. Wenzake walinunua mabati na mashine za kukoboa, yeye akanunua kompyuta mbili zilizotumika na mashine ya kopi, akafungua duka. Akatafuta mtu wa kuchapa barua. Wakaja vijana wa Kidato cha Nne na vyeti vyao kwenye bahasha. Nikaja mimi wa Kidato cha Pili, sina bahasha wala cheti. Nikamwambia, "Bosi, hao watakuonyesha vyeti, mimi nitakuonyesha vidole." Nikapata kazi.

Unanitania kwamba baba amesoma mpaka mlango wa Kidato cha Tatu. Sawa. Lakini kumbuka lugha ya C, ya kuandikia programu za kompyuta, nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu kisicho na jalada wala kurasa thelathini za mwanzo, alichonipa mhadhiri mmoja wa Mzumbe. Tulimwita Daktari, si wa sindano, wa vitabu. Nilianzia ukurasa wa thelathini na moja kama mtu aliyeingia msikitini katikati ya sala, anainama wenzake wakiinama. Miezi minane baadaye nilikuwa naandika programu za kupanga majina ya wanafunzi kwa alfabeti, watu wanakuja kushangaa. Juzi uliisoma programu yangu moja ya enzi hizo ukasema, "Baba, hii imepikwa gizani." Ilipikwa gizani kweli. Lakini ililiwa.

Daktari alikuwa anachunguza mvua na maporomoko ya Uluguru. Akasikia kuna mzee Mgeta ambaye padri wa misheni alimwachia kipima mvua, na kwa miaka zaidi ya ishirini mzee huyo huamka kila asubuhi, anakwenda bustanini, anasoma maji yaliyomo, anaandika kwenye daftari. Mzee mwenyewe ndiye babu yako.

Tukapanda naye juu. Babu yako akatuketisha barazani, akatoa daftari zake zote kwenye sanduku la mbao, zimefungwa kwa kitambaa kama vyombo vya altare. Kila ukurasa mwezi mmoja. Tarehe, kiasi cha mvua, na pembeni maneno yake machache. "Daraja la chini limekwenda." "Njegere zimeota." "Amezikwa Yohana." Daktari akafungua mwezi wa Agosti, akakuta sifuri kutoka juu mpaka chini.

Akauliza, "Mzee, miezi hii ya kiangazi si ungeacha wazi tu? Kuliko kuandika sifuri kila siku?"

Babu yako akamtazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeuliza kwa nini mnakula na mikono.

"Nikiacha wazi," akasema, "utajuaje kama mvua haikunyesha au mimi sikwenda kuangalia?"

Daktari akaliandika jibu lile. Mimi, fundi wa mjini, ningenyamaza vipi? Nikadakia: "Baba, sifuri zote hizo kompyuta haiandiki moja moja. Inazibana. Inasema, sifuri mara thelathini na moja, basi. Mwezi mzima unakaa mahali pa punje ya ulezi."

"Na itakuwa imeziendea?" akaniuliza.

"Imeendea nini?"

"Sifuri, Deo. Kila sifuri unayoiona hapo mimi nimeiendea na miguu yangu, na umande. Kuna sifuri ya kwenda kuangalia na kuna sifuri ya kulala. Kwenye karatasi zinafanana."

Nikacheka. Nikamkonyeza Daktari, kumaanisha wazee hawa. Daktari hakucheka, na mimi sikujali.

Tukakubaliana daftari zishuke mjini, nizipige picha kwa skana ya Daktari, nizibane ziingie kwenye disketi chache, apate kwenda nazo safari yake. Babu yako alisema neno moja tu wakati tunaondoka: "Daftari zangu zirudi." Nikamwambia, "Baba, zitarudi zimekuwa za kisasa." Usiniulize nilikuwa na maana gani. Nilipenda tu mlio wake.

Sasa nikueleze kosa lenyewe, maana wewe unakwenda kusomea mambo haya na utalikuta.

Programu za kubana zilikuwepo, tena za bure. Daktari alinionyesha moja. Lakini mimi nitumie programu ya mtu, halafu nijisifu kwa kipi? Nikaamua kuandika yangu kwa C, na kazi ngumu ya kubana nimwachie mwenye maktaba. Unajua maktaba kwa watu wetu si nyumba ya vitabu. Mtu mwenye akili huko duniani amekaa akaandika namna ya kubana, akaifunga bunda, akaigawa. Wewe unaliita jina lake tu ndani ya programu yako. Unampa vitu vinne: bakuli tupu la kumiminia, ukubwa wa bakuli, ukurasa wenyewe, ukubwa wa ukurasa. Anabana, anamimina, kisha anakurudishia namba moja. Ikiwa sifuri, mambo safi. Ikiwa chini ya sifuri, kuna jambo, na namba yenyewe inakuambia jambo gani.

Kwenye maelezo yaliyokuja na bunda imeandikwa wazi kwamba bakuli liwe kubwa kupita ukurasa kidogo, kwa sababu vipo vitu ambavyo havibaniki. Nikaona huyu mwandishi mwoga. Ukibana kitu kinapungua, mbona unataka bakuli kubwa kuliko kitu? Ni kama kununua suruali kubwa kwa sababu umekonda. Nikampa bakuli la nusu. Nusu! Tena nikajiona mkarimu.

Nikajaribu. Nikajaribu na ukurasa gani? Agosti. Karatasi nyeupe, safi, sifuri zimepangana kama askari. Ikabanwa ikawa ndogo mpaka nikaita watu waje kuona. Nikajaribu na Septemba. Vilevile. Nikampigia makofi fundi, na fundi ni mimi.

Skola, kurasa za masika hukuwahi kuziona. Mzee anaandika kwenye ukungu, mkono umelowa, wino umetapakaa, karatasi ina kuvu, ina madoa ya kila rangi ya kijivu. Na pembeni ndipo maneno yake yalipojaa, maana masika ndipo mambo hutokea kule juu. Kwa kompyuta kila doa ni habari. Ukurasa wa namna hiyo haubaniki hata uukalie. Maktaba ikafika nusu, bakuli likajaa, ikasimama. Ikanirudishia namba: tano, chini ya sifuri. Maana yake, bwana, bakuli halitoshi.

Ilinirudishia namba hiyo kwa kila ukurasa wa masika wa miaka yote. Haikuchoka wala haikunificha. Mimi sikuwa nimeandika mstari wa kuipokea. C haikulazimishi kusikiliza, ni lugha ya watu wazima: umejibiwa, hukusikia, shauri yako. Badala yake nilikuwa nimeandika mstari mwingine, kwa mikono yangu miwili, kwamba kila ukurasa ukipita skrini iandike TAYARI. Kwa herufi kubwa. Basi nikakaa, nimeegemea kiti, nakunywa soda, naangalia TAYARI, TAYARI, TAYARI zinashuka kama mvua yenyewe, na nusu ya zile TAYARI zilikuwa za uongo, na mwongo ni mimi.

Sikufungua hata ukurasa mmoja baada ya kufunga. Hata mmoja wa masika. Kuchungulia tu kungetosha.

Picha kubwa zisizobanwa zilikuwa zimejaza kompyuta ya Bosi, naye ananung'unika. Nikazifuta. Na daftari zenyewe? Daftari zile zilikuwa kwenye boksi chini ya meza, zinanuka moshi na kuvu. Unamkumbuka Mama Shani, aliyekaanga karanga pale kona, kabla hajahamia kwa mwanawe? Siku hiyo alikuja kuniomba karatasi za kusokotea karanga. Duka la kopi, karatasi hazikosekani. Lakini mimi siku hiyo nilikuwa mtu mkubwa. Nikalisukuma boksi lote kwa mguu, Skola. Kwa mguu.

"Chukua, Mama Shani. Hizi sasa ni za zamani. Zote ziko humu." Nikagonga kichwa cha kompyuta.

"Mtaalamu, una uhakika? Naona zimeandikwaandikwa."

"Mama, mjini ni shule. Chukua."

Akanipa karanga za moto za kushukuru. Zilikuwa tamu. Hilo nalo nilikumbuka baadaye.

Wiki tatu zikapita. Daktari akaja na disketi nilizompa, uso umepauka. Miezi ya kiangazi yote inafunguka vizuri. Ya masika hakuna hata mmoja. Akaketi kwenye kiti cha wateja akaniuliza taratibu, "Deo, ulifungua baada ya kufunga? Ukaangalia?"

"Nilifungua, Daktari. Zote."

Uongo wa kwanza huo, na ulinitoka laini kuliko kweli yoyote niliyowahi kusema. Alipoondoka nilikaa mbele ya mashine, nikauandika ule mstari niliouruka, wa kupokea namba. Nikachukua ukurasa mmoja wa masika uliochomoka kwenye daftari nikausahau ndani ya skana, nikaupiga picha, nikaubana upya kwa bakuli lile lile. Kwenye skrini ikatokea tano yenye alama ya kutoa mbele yake. Nikatoka mbio kwa Mama Shani bila viatu. Nilikuwa nimevivua chini ya meza.

Alikuwa amesokota boksi lote, nyingi zimekwishauzwa, nyingine ziko mikononi mwa wachuuzi. Yeye akiuza pale kona, na wanawe wakiuza Msamvu, stendi ya mabasi. Mvua ya babu yako ilikuwa imepanda mabasi, imekwenda Dodoma na Iringa, imetupwa dirishani.

Sasa ndiyo unajua. Ule mwezi wa karanga unaousimulia mpaka leo, kwamba baba alikuwa anakuletea karanga asubuhi, mchana na jioni, ukipeleka shuleni unagawa, wenzako wakakuita binti wa tajiri. Juzi juzi hapa ulimwambia mama yako kwamba ule ndio mwezi ulioona baba anakupenda kuliko yote. Nakupenda, sikatai. Lakini ule mwezi nilikuwa natafuta karatasi. Nilikuwa nanunua karanga za kila mwuzaji kuanzia hapa mpaka Msamvu, nazimwagia kwenye mfuko wako wa shule, nanyoosha karatasi, naangalia mwandiko. Nyingine hesabu za mtoto wa shule. Nyingine gazeti. Mara moja moja, tarehe na mvua. Mama yako aliuliza kama nimerogwa. Nikamwambia daktari wa sindano kasema nina upungufu wa mafuta mwilini.

Halafu ndiyo siku ile unayoijua. Uliketi pembeni ya mashine ya kopi unafanya hesabu za shule, wateja wanne kwenye foleni, babu yako akaingia. Ameshuka na gari la kabichi, koti lake la kanisani, kofia mkononi. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akauliza, "Daftari zangu?"

Nikaanza. Unajua ninavyoanza. Baba, kuna tatizo la kitaalamu. Baba, ile maktaba niliyotumia ameiandika mtu wa mbali, nchi za nje huko, kumbe ina kasoro. Mimi nimefanya kila kitu sawa, kasoro ni yake. Wateja wanatikisa vichwa, pole Mtaalamu, vitu vya nje hivyo. Nikapata nguvu, nikaongeza.

Akaniacha nimalize. Akauliza kitu kilekile alichouliza Daktari, na hawakuwa wameonana: "Ulipofunga, ulifungua ukaona?"

"Ndiyo, Baba. Nilifungua nikaona."

Akatia mkono mfukoni, akatoa kikaratasi cha karanga. Akakikunjua juu ya meza yangu, karanga zikamwagika, zikabiringika mpaka sakafuni, ukainama kuziokota. Hilo uliliona. Ambalo hukuliona, kwa sababu ulikuwa chini ya meza, ni kile kikaratasi. Kilikuwa na mwandiko wake. Alishuka Msamvu, njaa imemshika, akanunua karanga, akafungua, akajikuta anajisoma mwenyewe: mwezi wa tatu, na pembeni neno moja likiwa limelowa mafuta.

"Basi umwandikie huyo mtu wa mbali," akasema, "umwambie mwandiko wangu nimeukuta stendi, una chumvi." Kisha ndiyo akasema lile neno. Mwongo. Hakupaza sauti. Na mlangoni akageuka: "Usije kwangu mpaka uwe umekwenda kuangalia."

Wateja wakaona mzee mshamba amekuja kumwaibisha mwanawe kwa sababu haelewi kompyuta. Na wewe, chini ya meza, ukaona hivyohivyo. Ukanishika mkono ukasema, "Baba, usilie, mimi nazipenda karanga." Nami nikakuacha uamini, Skola. Miaka kumi na moja. Nimekuona ukimnunia babu yako misibani na harusini, yeye anakuita "mke wangu" kama babu anavyomtania mjukuu, wewe unaangalia pembeni. Kila ulipoangalia pembeni nilijua unanilipia mimi. Aliyeandika ile maktaba alifanya kazi yake sawasawa. Babu yako naye alifanya kazi yake sawasawa. Kati ya watu watatu, mmoja tu ndiye aliyelala.

Utauliza, kwa nini sikwenda? Hapa nataka unisikilize kuliko pale kwa bakuli.

Nilikwenda kuangalia, kweli. Nilikaa na zile disketi miaka. Ile kazi ya maktaba niliyotumia mwanzo ni ya kufungua vyote au kukataa vyote, ndiyo maana Daktari hakupata hata ukurasa mmoja. Baadaye nikajifunza kwamba humohumo kwenye bunda mna njia nyingine ya kufungua kidogo kidogo, na ukifungua hivyo, kilichowahi kumiminwa kabla bakuli halijajaa kinatoka. Picha zile zinaandikwa kutoka juu kwenda chini. Basi kurasa za masika zikaanza kutoka nusunusu: tarehe moja mpaka kumi na tano, kumi na sita, kisha giza. Siku ya kwanza ilipotoka nilipiga kelele, Bosi akadhani umeme umenishika. Na vikaratasi vya karanga nilivyonyoosha kwa pasi nimevihifadhi kwenye kopo la biskuti. Vingine ndivyo vilivyokuwa na zile nusu za chini.

Nilitaka nimpelekee zote. Kila ukurasa, kila tarehe, nimwekee magotini, nimwambie, tazama, Baba, mwanao ni fundi kweli. Nikisema nikipata Aprili mbili tu zaidi nitakwenda. Nikizipata, naona Machi ina pengo. Hivi hivi miaka ikaliwa. Nikaja kuelewa nimechelewa kwamba hakuwa ananidai mvua. Alitaka nimwambie neno moja, na neno hilo halihitaji kopo wala disketi. Nimelificha nyuma ya kazi nzuri. Wewe una kichwa kuliko changu, kwa hiyo utakuwa na kazi nzuri nyingi za kujificha nyuma yake. Uwe unajishtukia.

Huko chuoni watakufundisha kupokea namba, kupima bakuli, kufungua na kulinganisha kabla hujafuta. Utafanya bila shida, wewe si mimi. Ila siku utakayokuwa na haraka, watu wamesimama nyuma yako wanakusifia, ndiyo siku ya kuangalia mara mbili.

Bado moja, na hii ndiyo iliyonitoa kitandani leo asubuhi.

Ukurasa wa Aprili, mwaka uliozaliwa, umetoka mpaka tarehe kumi na sita. Wewe umezaliwa tarehe ishirini na tatu. Nimevigeuza vikaratasi vyote, cha siku hiyo hakimo. Babu yako aliandika neno pembeni siku ile. Alimsomea mama yako siku ya ubatizo, mama yako anakumbuka alicheka sana, lakini neno lenyewe amelisahau. Nakala haipo. Haipo kwenye disketi, haipo kwenye kopo, haipo kwa Daktari. Kiasi cha mvua iliyonyesha ulipozaliwa na alichokisema mzee kuhusu wewe viko mahali pamoja tu duniani, kichwani kwa mtu ambaye shangazi yako anasema amekohoa tangu Kwaresima na siku hizi anakwenda kwenye kipima mvua kwa fimbo. Bado anakwenda. Amenunua daftari nyingine.

Kwa hiyo nimefanya jambo, na utanikasirikia, kasirika tu. Asubuhi nilikwenda Msamvu nikabadilisha tiketi yako. Arusha unakwenda keshokutwa. Kesho saa mbili tunapanda gari la Mgeta, wewe na mimi. Nimeshamwambia dereva atuwekee nafasi mbele, kwa sababu kopo la biskuti halitakiwi kulowa.

Sikulazimishi umpende. Nataka umnunie kwa kosa lake yeye, kama utalipata, si kwa kosa langu.

Nitaingia mimi kwanza. Wewe simama mlangoni unisikilize. Ukisikia natamka "tatizo la kitaalamu", kohoa. Ukisikia "maktaba", nikanyage mguu kabisa. Kopo usinipe mpaka nimemaliza kusema, maana nikilishika mkononi nitaanza kulisifu.

Najua atakachoniuliza. Ni mtu wa swali moja. Ataniuliza, "Ulifungua ukaona?" Nimelifanyia mazoezi jibu tangu asubuhi, hapa dukani, mpaka mteja mmoja ameniuliza naongea na nani. Ni neno moja, halina hata sifa kidogo ndani yake:

Sikufungua.

Ni mimi baba yako, mchapaji namba moja wa Mwembesongo (hilo siliondoi),
Deo

Njiani kesho, tafadhali, usininunulie karanga.